Daftari la Mikwamo

Chama cha wapenda magari ya porini kilikuwa na wanachama kumi na wanne, katiba ya kurasa mbili na daftari moja la jalada gumu. Katiba ilisomwa na wachache. Daftari liliogopwa na wote.

Lilikuwa na safu tano: tarehe, aliyekwama, sababu, aliyemkwamua, na kifaa kilichotumika. Lilitunzwa na Katibu, hakimu mstaafu, mama wa miaka sitini na minne aliyeendesha gari lake la dizeli kwa mwendo uleule aliokuwa akisomea hukumu: polepole na bila kurudi nyuma. Kila mkutano ulianza kwa yeye kuvaa miwani na kusoma yaliyoandikwa safari iliyopita, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, huku wanaume wazima wakitazama viatu vyao.

Jina lililoijaza safu ya pili kuliko mengine yote lilikuwa la mfamasia mmoja, mwenye duka la dawa mkabala na hospitali. Katika misimu minne alikuwa amekwama mara kumi na moja. Katika safu ya nne, ile ya wakwamuaji, hakuwamo hata mara moja, na sababu yake ilikuwa nyepesi: mtu hawezi kumvuta mwenzake huku yeye mwenyewe amezama hadi milangoni.

Wenzake walimwita Bohari. Jina hilo lilitoka kwenye gari lake. Lilikuwa na winchi ya kujivutia kwa waya mbele na nyingine nyuma, bampa za chuma kinene pande zote mbili, keria juu ya paa, hema juu ya keria, na tairi la akiba la pili kando ya hema. Ndani mlikuwa na kabati la droo sita lenye minyororo, kapi, pingu za kuungia kamba, mikanda ya kuvutia ya urefu wa namna tatu, jeki ndefu kama mtoto wa miaka kumi, mbao za plastiki za kutandika chini ya tairi, na nanga ya kuchomeka ardhini mahali pasipo na mti wa kufungia kamba. Lilikuwa na betri ya pili ya kuendeshea winchi, na tangi la maji ya kuoshea hayo yote yakichafuka. Kila alipokwama alirudi mjini, akajiuliza ni kifaa gani kilichokosekana, akakinunua. Safari iliyofuata alikwama mapema zaidi.

Sasa ibara ya tisa ya katiba ilikuwa inamsubiri mlangoni. Ilisema kwamba mwanachama atakayemaliza misimu minne bila kumkwamua mwenzake hata mara moja, msimu wa tano atakuwa abiria, ndani ya gari la yule aliyemkwamua mara nyingi zaidi. Msimu wa nne ulikuwa umebakiza safari moja. Na aliyemkwamua Bohari mara nyingi zaidi, mara saba kati ya kumi na moja, alikuwa shemeji yake, kinyozi, mdogo wa mke wake, mwenye pikapu kuukuu, kamba moja, sepetu moja na mdomo usio na breki.

“Msimu mzima ndani ya pikapu ile,” mfamasia alimwambia mke wake Jumatano, wakitoa vyombo mezani. “Kile kiti cha abiria kina springi imetokeza.”

“Kalia upande mmoja.”

“Atakuwa anaongea njia nzima.”

“Mimi nimeishi naye miaka ishirini nyumba moja,” alisema mke wake, “na nyumba haina mlango wa kushukia njiani.”

Mfamasia alikuwa amefungua kijitabu cha picha za vifaa. Alikuwa anatafakari winchi ya tatu, ya ubavuni. Mke wake alimtazama juu ya rundo la sahani.

“Hebu niambie, bwana. Dukani unapima unga wa dawa ya mtoto mpaka sehemu ya kumi ya gramu. Hilo gari umewahi kulipima?”

Mfamasia alifunga kijitabu. Hakuwa mtu wa kujibu kabla ya kujua jibu, na jibu hakulijua, na hilo ndilo lililomuuma.

Mizani ya karibu yenye ukubwa wa kutosha ilikuwa kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Alhamisi mchana alipanda juu yake na gari lake lote, akashuka, akasimama pembeni. Mpimaji alitoka kibandani, akalizunguka gari mara mbili, akaligonga bampa kwa kifundo cha kidole kama anayechagua tikiti.

“Tunanunua kwa kilo,” alisema. “Ila matairi utatoa mwenyewe.”

“Siuzi. Napima tu.”

“Wote husema hivyo.”

Kitabu cha gari kilisema kwamba lilitoka kiwandani na kilo elfu moja mia tisa na themanini. Mizani ilisema elfu mbili mia saba na sitini. Mfamasia aliomba lipimwe tena. Likapimwa tena, na mizani haikubadili kauli.

Alitoa kalamu mfukoni, akapiga hesabu kwenye kiganja. Tofauti ilikuwa kilo mia saba na themanini, sawasawa na watu wazima kumi na wawili wa kilo sitini na tano kila mmoja. Kwa misimu minne alikuwa akiingia matopeni na abiria kumi na wawili ambao hawakuwahi kushuka kusukuma.

Fundi wa chama alikuja jioni hiyo na boksi la spana. Walifungua boliti mpaka giza likaingia, na asubuhi ya Ijumaa wakaendelea. Kila kilichotoka kilipimwa kwenye mizani ya dukani, ile ya kupimia uzito wa watu, kabla ya kulazwa kwenye turubai uani, na mfamasia alikiandika.

“Hili bampa nilikufungia mimi,” alisema Fundi, amelala chini ya gari. “Na keria mimi. Na ile nanga yako nikakuchomelea kishikio. Kumbe hukuwa unavihitaji?”

“Mbona hukuniambia?”

“Mteja akitaka pembe, namfungia pembe. Mimi ni fundi, si mshauri wa ndoa.”

Kazi ilipokaribia kwisha, Fundi alishauri ibaki angalau winchi ya mbele. Mfamasia alipitisha kidole kwenye orodha yake. Winchi, betri yake na bampa lake vilikuwa na jumla ya kilo mia moja thelathini na tano. Vikatoka. Vilibaki kamba moja ya kuvutia, kilo nne, na sepetu, kilo mbili, kwa sababu katiba ilimtaka kila mwanachama awe navyo. Bampa la bati lililokuja na gari kutoka kiwandani likafutwa vumbi na kurudishwa mahali pake.

Kitu kimoja hakikuwa kwenye hesabu. Springi za gari zilikuwa zimebadilishwa zamani ili zibebe mzigo ule, na sasa mzigo haukuwapo. Gari liliinuka kwenye magurudumu yake likasimama juu juu, mkia hewani, kama mtu aliyekalia sindano. Mke wa mfamasia alitoka kulitazama, akarudi ndani, na kicheko chake kilisikika kutoka jikoni.

Alasiri ile mfamasia alikwenda kunyolewa. Alinyolewa kwa shemeji yake kila Ijumaa. Kukosana juu ya magari lilikuwa jambo moja na ndevu jambo jingine. Kibandani mlikuwa na mteja mwingine mmoja tu, mzee aliyepitiwa na usingizi kwenye benchi. Kinyozi alimpaka mfamasia povu, akanoa wembe, akasimama.

“Shemeji, tulia. Nimefikiri jambo.”

“Ukifikiri, weka wembe chini kwanza.”

Kinyozi hakuuweka. Aliinama sikioni. “Kesho mimi natangulia, si ndiyo? Pale bondeni, kwenye udongo mweusi, nikifika katikati najizamisha. Kidogo tu, kiheshima. Unakuja, unanivuta, unaandikwa. Yamekwisha.”

“Hapana.”

“Hapana nini?”

“Utakuwa hujakwama.”

“Magurudumu yanazunguka, gari haliendi, tope mpaka hapa. Unataka kukwama kwa namna gani tena? Kwa muhuri?”

“Kukwama ni kushindwa kutoka. Wewe utakuwa unaweza.”

Kinyozi alimtazama kwenye kioo. “Dada aliniambia kabla hajaolewa. Alisema, mtu huyu ukimpa zawadi atakuomba risiti.”

“Na wewe, huruma hii umeitoa wapi?”

“Mapenzi tu, shemeji.” Wembe ulipita shavuni mara mbili kabla hajaongeza: “Na pia sikuwezi garini msimu mzima. Ile siku niliyokubeba mpaka kituo cha mafuta, dakika kumi na tano tu, ulinipimia upepo wa tairi mara nne.”

“Ulikuwa unapungua.”

“Ulikuwa unapungua kwa sababu ulikuwa unaupima!”

Mzee wa kwenye benchi alifumbua jicho moja, akalifumba. Mfamasia alikiri moyoni kwamba hoja hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini jibu lake lilibaki lilelile.

Jumamosi saa tatu kasoro, magari tisa yalisimama kwenye mwinuko mkavu juu ya bonde. Chini yao njia iliteremka, ikaingia kwenye udongo mweusi ulionyeshewa siku mbili, ikapinda nyuma ya vichaka na kupotea. Baada ya kichaka hakuna aliyeona kitu, ndiyo maana gari lilipita moja moja. Aliyevuka alipiga honi tatu fupi. Aliyekwama alipiga moja ndefu.

Kinyozi alikuwa amechutama kwenye gurudumu lake la mbele la kulia. Pikapu za zamani za aina ile haziingizi nguvu kwenye magurudumu ya mbele kwa kusukuma gia peke yake. Dereva lazima ashuke na kuzungusha kwa mkono kitu cha mviringo kilicho katikati ya kila gurudumu la mbele, ambacho mafundi hukiita loki, kutoka alama ya kuachia hadi alama ya kufunga. Alimaliza upande wa kulia, akainuka, akaanza kuzunguka mbele ya gari. Hapo ndipo alipoliona gari la Bohari likifika.

“Jamani! Njooni muone! Kumbe chini ya bohari kulikuwa na gari!”

Watu wakaja. Kinyozi alilizunguka, akachungulia ndani, akapiga kelele ndani ya buti tupu ili asikie mwangwi wake. “Shemeji, umeibiwa au umeokoka? Na mbona limesimama kama mbuni? Fundi, mpe ngazi huyu, atapandaje?” Waliocheka walishikana mabega. Hata Katibu alitoa leso akafuta miwani ambayo haikuwa na kitu. Kinyozi, meno yote nje, alirudi kwenye pikapu yake akipunga mkono kama mgombea, akaingia, akateremka bondeni.

Saa tatu na dakika kumi mlio wa injini uliokuwa ukisonga mbele uliacha kusonga. Ukapanda, ukashuka, ukapanda tena mahali palepale. Mfamasia alitazama saa yake.

Hakuna honi iliyopigwa.

“Huyo amekwama,” alisema Fundi.

“Hajapiga honi,” alisema Katibu.

Chama kilikuwa na adabu moja ambayo haikuandikwa popote: aliyekwama haendewi mpaka apige honi, au zipite dakika arobaini. Mtu ana haki ya kuhangaika na aibu yake faragha. Basi walikaa. Walisikia injini. Walisikia sepetu. Walisikia tawi likivunjwa, kisha injini tena, kisha maneno ambayo Katibu alijifanya hakuyasikia. Honi hawakuisikia.

Saa tatu na dakika hamsini Katibu alifunga thamosi yake. “Dakika arobaini. Mwanachama mwenye ibara ya tisa ndiye mwenye zamu ya kwanza. Bohari, teremka.”

Mfamasia alipunguza upepo wa matairi, akapima, akapunguza tena kidogo, akapima. Alilipanda gari lake na kuteremka. Udongo ulipoanza alikaza mikono akisubiri ile hali aliyoizoea, gari kuwa zito, usukani kulegea, kisha ule mzamo wa taratibu kama lifti inayoshuka. Haukuja. Gari liliyumba, likarukaruka kwenye springi zake, likatupa tope mpaka dirishani na likaendelea kwenda. Alipita mahali pa mkwamo wake wa tatu. Alipita mahali pa mkwamo wa saba, ambapo kisiki alichofungia kamba bado kilikuwa na kovu. Hakusimama kuvitazama. Alichojua ni kwamba kilo mia saba sabini na nne zilikuwa uani kwake juu ya turubai, na kwamba hilo lilitosha kueleza kila kitu.

Nyuma ya vichaka Kinyozi alikuwa amekaa kwenye boneti ya pikapu, matope mpaka mapajani, kiatu kimoja.

“Usiseme kitu,” alisema.

“Kiatu kiko wapi?”

“Nimesema usiseme kitu.”

“Umejizamisha?”

“Mimi?” Kinyozi aliruka chini, na mguu usio na kiatu ukazama mpaka kwenye goti. “Shemeji, nitazame! Hivi ndivyo mtu anavyojizamisha? Naapa kwa dada yangu, nimekwama. Ya kweli. Ya Mungu.”

“Kiapo si kipimo,” alisema mfamasia, akaanza kulikagua gari.

Kazi ilikuwa imefanywa vizuri, hilo alilikubali. Udongo ulikuwa umechimbwa mbele ya magurudumu yote. Matawi yalikuwa yametandikwa. Matairi yalikuwa yamepunguzwa upepo. Tope la magurudumu ya nyuma lilikuwa limerushwa mpaka juu ya bodi. Lakini magurudumu ya mbele yalikuwa safi isivyo kawaida. Maandishi ya ubavuni mwa tairi yalisomeka yote. Gurudumu lililozunguka dakika arobaini kwenye udongo ule haliwezi kusomeka.

“Ingia, weka gia, kanyaga mafuta kidogo.”

Kinyozi aliingia. Magurudumu ya nyuma yalinguruma. Ya mbele hayakutikisika.

“Basi, zima.”

Mfamasia alichutama upande wa kulia. Loki ilikuwa kwenye alama ya kufunga. Akazunguka upande wa kushoto, akachutama, akafuta tope kwa kidole gumba. Loki ilikuwa kwenye alama ya kuachia.

Alibaki amechutama. Loki moja ikiachwa, nguvu yote inayokwenda mbele hupotelea upande ule, na ile ya pili hufunga bure. Aliyaona mambo yote kwa mpangilio wake: upande wa kulia, kuinuka, kuzunguka, gari la Bohari, kicheko, mkono wa mgombea. Kuanzia hapo pikapu ile ilikuwa ikivutwa na miguu miwili ya nyuma peke yake.

Aliona na jambo jingine. Kinyozi alikuwa upande wa pili, hakuona kitu. Kamba ya kilo nne ilikuwa garini. Kuifunga kungechukua dakika mbili, kuvuta nusu dakika, na jina lake lingeingia safu ya nne kwa wino wa Katibu. Shemeji yake alikuwa amekwama kweli. Hakukuwa na mpango wala mchezo. Uongo ungekuwa kwenye safu ya tatu peke yake, kwenye neno moja, “matope.”

Dukani kwake kulikuwa na chupa elfu na zaidi. Hakuna hata moja ambayo lebo yake ilisema kitu kimoja na ndani mna kingine.

“Umeona nini huko?” aliuliza Kinyozi.

“Loki ya kushoto. Hukuifunga.”

Mlango wa pikapu ulifunguka kwa kishindo. Kisha Kinyozi alikuja mbio, akijivuta mguu mmoja mmoja, akatazama, akashika kichwa kwa mikono miwili.

“Umemwambia mtu?”

“Nimemwambia nani? Tuko wawili.”

“Basi sikiliza, shemeji. Shemeji yangu mpenzi. Lete kamba.”

“Ya nini? Tukizungusha hii, unatoka mwenyewe.”

“Ndiyo maana usizungushe! Nivute! Nivute kwa kamba kama wanaume wengine wanavyovutwa. Nikivutwa matopeni ni ajali ya safari. Nikitolewa kwa loki nitachekwa mpaka wajukuu wangu wachekwe. Na wewe unaandikwa! Jana ulisema sijakwama. Leo nimekwama. Unataka nini tena, mtu wewe?”

“Daftari lina safu ya sababu.”

“Andika mvua! Si ilinyesha?”

“Ilinyesha. Lakini siyo iliyokukwamisha.”

“Huyu mtu,” Kinyozi aliviambia vichaka, “huyu mtu amelala na dada yangu kitanda kimoja miaka tisa, na dada hajawa kichaa. Dada yangu ni jabali.”

Mfamasia alishika loki kwa kidole gumba na cha shahada, akaizungusha. Ilitoa mlio mdogo ikakaa kwenye alama ya kufunga. Kinyozi aliingia garini kama anayepanda kizimbani. Magurudumu manne yakashika kwa pamoja, na pikapu ikatoka juu ya matawi yake bila hata kunguruma, kama iliyokuwa imeegeshwa. Ilikuwa saa nne na dakika sita.

Ng'ambo ya bonde, baada ya honi tatu na magari yote kuvuka, Katibu aliliweka daftari juu ya boneti yake. Akavaa miwani. Watu wakajipanga.

“Aliyekwama nimeshamwandika,” alisema. “Sababu?”

Mfamasia alitazama mbele, Kinyozi alitazama chini. Fundi alitazama gurudumu la kushoto la pikapu, akaona alama za vidole viwili kwenye tope, akaanza kutetemeka mabega kabla hajatoa sauti.

“Loki,” alisema mfamasia.

Ilibidi Katibu asubiri. Mwanachama mmoja alikaa chini kabisa. Utulivu uliporudi, Fundi alikuwa wa kwanza kuinua mkono.

“Mheshimiwa, swali la sheria. Bohari hakuvuta kitu. Amegusa tu. Huo si ukwamuzi, huo ni ukumbusho.”

“Katiba haisemi kuvuta,” alisema Katibu, ambaye alikuwa ameiandika. “Inasema kumtoa mwenzako mahali ambapo mwenyewe ameshindwa kutoka. Kwa hiyo ninalo swali moja tu, na si kwa Bohari.” Alimgeukia Kinyozi juu ya miwani. “Ulishindwa kutoka?”

Hapa ndipo Kinyozi alipoona mlango. Akiwa ameshindwa, alikuwa mtu aliyechimba, aliyekata matawi na kupoteza kiatu kwa sababu ya kitu ambacho kila mwanafunzi wa pikapu hufundishwa siku ya kwanza. Kama hakushindwa, basi hakuna kilichotokea.

“Kushindwa, Mheshimiwa, ni neno zito,” alisema. “Nilikuwa napumzisha injini.”

“Kwa hiyo ungetoka mwenyewe.”

“Muda wowote.”

“Sawa.” Katibu alishusha kalamu bila haraka. “Basi hakuna ukwamuzi. Safu ya nne inabaki tupu, ibara ya tisa inafanya kazi, na msimu ujao Bohari ni abiria wako.”

Mfamasia aliupokea uamuzi huo kwa kutikisa kichwa mara moja. Hakuuona kuwa na kasoro. Shahidi alikuwa ameulizwa na alikuwa amejibu. Alitoa kijitabu na kalamu mfukoni mwa shati, akasogea kwenye pikapu na kufungua mlango wa abiria.

“Mkanda wa kiti hiki unafunga?”

“Unafunga nusu,” alisema Kinyozi.

“Nusu ni kipimo gani?” Aliandika. “Springi hii imetokeza sentimita nne. Mafuta ya gia ulibadilisha lini?”

“Yalibadilishwa.”

“Tarehe?”

“Shemeji…”

“Nitahitaji pia mahali pa kuweka kipimo cha upepo. Kabla ya kila kituo na baada yake. Na orodha ya hatua za kuondoka, niwe nakusomea kwa sauti, ya kwanza loki ya kulia, ya pili loki ya kushoto…”

“Mheshimiwa!” Kinyozi alikuwa ameshavuka uwanja na kushika boneti ya Katibu kwa mikono yote miwili. “Mheshimiwa, kalamu bado haijagusa karatasi? Nilishindwa. Nilishindwa kabisa, nilishindwa kwa kila njia anayojua binadamu. Nilichimba, nilitandika, nilisali. Bila huyu ningekuwa kule mpaka kiangazi. Andika.”

“Unakiri mbele ya wanachama wote?”

“Nakiri. Waite na wasiokuja.”

Katibu aliandika jina la mfamasia kwenye safu ya nne, herufi moja moja. Mfamasia alisimama karibu kuliko ilivyohitajika, akaangalia wino ukikauka. Kwenye safu ya tano Katibu alifikiri kidogo, kisha akaandika: vidole viwili.

“Na kwa kumbukumbu tu,” alisema, “ulihangaika muda gani?”

“Dakika arobaini hivi,” alisema Kinyozi.

“Hamsini na sita,” alisema mfamasia.